Chama cha Gurudumu: Je, Mkatoliki Aweza Kujiunga na Rotary?

Leo twataka kulitazama swali moja ambalo huulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini: pengine nje ya kanisa baada ya Misa, pengine dukani, pengine mezani, baba na mama wanapozungumza watoto wakiisha kulala. Swali lenyewe ni hili: Mkatoliki akialikwa kujiunga na chama cha Rotary, je, aweza kukubali bila kuikosea imani yake?

Tuchukue mfano, tusije tukazungumza hewani. Mtu mmoja ana duka la pembejeo huko Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara kuu iendayo Ngara na daraja la Rusumo. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita mbele ya mlango wake usiku na mchana. Ni mtu wa Kanisa. Amefunga ndoa takatifu, watoto wake wamebatizwa, na jumuiya ndogo ya Kikristu hukutana nyumbani kwake kwa zamu. Siku moja, akiwa Mwanza kununua bidhaa, rafiki yake wa biashara amwambia: "Njoo kwenye mkutano wetu wa Rotary. Watu kama wewe ndio tunaowatafuta." Arudi nyumbani na furaha, amweleze mkewe. Mkewe anyamaza kidogo, kisha asema: "Baba watoto, hicho si kile chama cha Freemason?" Kesho yake jirani amekwisha kusikia. Wiki haijaisha, na kila mtu senta asema kwamba sasa yajulikana fedha za pikipiki yake mpya zilitoka wapi.

Mtu huyo ni wa mfano tu, lakini swali la mkewe ni la kweli, na lastahili jibu la kweli. Mtu aogopaye jambo asilolijua hafanyi fadhila, wala akubaliye jambo asilolijua hafanyi busara. Kwa hiyo tulijue kwanza, ndipo tuamue.

ROTARY NI CHAMA GANI?

Rotary ni chama cha watu wa biashara na wa kazi za elimu: wenye maduka, mawakili, madaktari, walimu, wahandisi, watumishi wa benki na kadhalika. Kilianza tarehe 23 Februari 1905 katika mji wa Chicago, Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa wakili, jina lake Paul Harris. Alilelewa katika mji mdogo wa mashambani, na katika jiji lile kubwa alijiona mpweke. Basi jioni ile alikutana na wenzake watatu: Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr aliyekuwa mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey aliyekuwa mshonaji wa nguo. Wakapatana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, siku nyingine ofisini kwa yule. Kwa sababu ya zamu hiyo ya kuzunguka wakakiita chama chao Rotary, neno lenye maana ya kitu kizungukacho. Ndiyo asili ya alama yao ya gurudumu.

Tusifiche jambo. Mwanzoni shabaha yao haikuwa tukufu sana. Urafiki ulikuwapo, lakini pamoja na urafiki walitazamia kununuliana bidhaa na kupeana kazi wao kwa wao. Haukupita muda mrefu wakatambua kwamba chama cha kujinufaisha tu hakina uhai. Mwaka 1907 wakaanza kuhangaikia ujenzi wa vyoo vya watu wote mjini Chicago. Yafaa tulikumbuke hilo: chama hiki, ambacho leo twakiona kikikutana katika hoteli nzuri, kilianza utumishi wake kwa choo.

Leo wanachama wake ni takriban milioni 1.2 katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Katika Afrika, klabu ya kwanza ilianzishwa Johannesburg mwaka 1921. Nairobi ilipata yake mwaka 1930, na Kampala mwaka 1957. Dar es Salaam nayo ilikuwa na klabu kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Kwa miaka mingi wanaume peke yao ndio waliopokelewa. Tangu mwaka 1989 sheria ya chama yawapokea wanawake duniani kote, na mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza chama chote.

Wala chama hiki si cha Wazungu peke yao. Mwaka 2003 Mnaijeria, Jonathan Majiyagbe, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Rotary duniani. Jirani yetu wa Uganda, Sam Owori, aliyekuwa mwanachama wa Kampala tangu mwaka 1978, alikwisha kuchaguliwa awe rais kwa mwaka 2018 hadi 2019. Mungu alimwita mwezi Julai 2017, kabla hajakikalia kiti hicho.

CHAFANYA KAZI GANI?

Mti hujulikana kwa matunda yake. Basi tuyatazame matunda.

Kazi yao kubwa kuliko zote ni vita dhidi ya polio, ule ugonjwa wa kupooza watoto. Mwaka 1985 Rotary iliahidi kukusanya dola milioni 120 za Marekani kwa ajili ya chanjo. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, Rotary na wenzao wakaungana kuufukuza ugonjwa huo duniani. Wakati ule polio ilikuwa ikiwapata watu wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 100. Tarehe 25 Agosti 2020 Bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili. Hata hivyo adui hajafa. Mwaka 2022 ugonjwa ulioletwa kutoka nje ulionekana Malawi na Msumbiji; na mwaka 2023 polio ya namna nyingine, itokanayo na virusi vya chanjo vilivyogeuka pale watoto wengi wasipochanjwa, ilionekana mkoani Rukwa. Ndipo Serikali ikapeleka chanjo ya matone katika mikoa ya mpakani, na Kagera ilikuwa mmojawapo. Mama wa Nyakahura aliyefungua kinywa cha mtoto wake apate matone, bila kujua aliipokea kazi ambayo watu wa gurudumu wameichangia tangu zamani.

Tunda la pili liko karibu na mlango wa Kanisa lenyewe. Katika Kampala iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya, hospitali ya Kikatoliki. Mwaka 2012 klabu za Rotary za Uganda zilianza mbio za kila mwaka ili kukusanya fedha za kujenga wodi ya wagonjwa wa saratani katika hospitali hiyo. Maelfu ya watu wa dini zote wamenunua fulana na kukimbia. Hapa hatuoni chama kikilipinga Kanisa; twaona watu wengi, wengine wao Wakatoliki, wakiisaidia hospitali ya Kanisa kumtunza mgonjwa.

Haya yote ni mema. Lakini wema wa kazi peke yake hautoshi kumaliza swali letu. Hatuna budi kuuliza Kanisa lilisema nini.

KANISA LILISEMA NINI?

Wazee wasemao kwamba zamani Kanisa liliionea shaka Rotary hawakosei. Tarehe 4 Februari 1929, idara moja ya Roma iliulizwa kama Maaskofu waweza kuwaruhusu mapadre kujiunga na Rotary. Jibu likawa fupi: haifai. Tena mwezi Januari 1951 ilitangazwa amri ya Ofisi Takatifu, iliyotolewa Desemba 1950, kwamba mapadre wasijiunge na chama hicho wala wasihudhurie mikutano yake. Walei nao walihimizwa kuishika Kanuni ya 684 ya sheria za Kanisa za wakati ule, iliyowataka waamini wajihadhari na vyama vya siri, vilivyohukumiwa, vya uasi au vyenye kutiliwa shaka.

Tuyasome maneno hayo kwa uangalifu. Mapadre walikatazwa. Walei walionywa. Kuonywa na kukatazwa si jambo moja. Mama amwambiaye mwanawe, "Uwe mwangalifu mtoni," hakumwambia, "Usiende mtoni kamwe."

Kwa nini onyo hilo lilitolewa? Hofu iliyosemwa siku zile ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, katika baadhi ya nchi watu walidhani kwamba Freemason wamejipenyeza katika Rotary na kuitumia kama kivuli. Pili, iliogopwa kwamba chama kisichouliza dini ya mtu, na ambacho kina mafundisho yake ya uadilifu, kingeweza kumzoeza Mkristu kuwaza kwamba dini zote ni sawa, na kwamba kuwa mtu mwema bila Kristu kwatosha. Hofu hiyo ya pili haikuwa ya kijinga, nasi tutairudia.

Miaka ikapita, na mambo yakachunguzwa zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza waamini washirikiane na watu wote wenye mapenzi mema kwa ajili ya manufaa ya wanadamu. Tarehe 14 Juni 1979 Papa Yohane Paulo II aliwahutubia wanachama wa Rotary waliokuwa wamekusanyika Roma kutoka duniani kote, akausifu utumishi wao. Sheria mpya za Kanisa zilipoanza kutumika mwaka 1983, hazikuitaja Rotary hata kidogo. Marehemu Papa Fransisko alipewa uanachama wa heshima alipokuwa Askofu Mkuu wa Buenos Aires. Na tarehe 30 Aprili 2016, katika Mwaka wa Jubilei ya Huruma, wanachama wa Rotary kwa maelfu walikuwapo uwanjani pa Mtakatifu Petro.

Basi jibu la leo ni wazi: hakuna sheria ya Kanisa lote inayomkataza mlei Mkatoliki kujiunga na Rotary. Lakini Askofu ana haki ya kuwaelekeza waamini wa jimbo lake. Kwa hiyo mtu mwenye busara, kabla hajajibu mwaliko, atakwenda kwa paroko wake amweleze jambo lote. Kuomba shauri si utoto.

JE, ROTARY NA FREEMASON SI KITU KIMOJA?

Hapa yafaa tuseme kwa sauti kubwa, maana uongo mwingi umepandwa. Rotary si Freemason.

Chama cha Freemason kilipangwa upya London mwaka 1717. Kina mahekalu yake, ngazi zake, ishara zake na viapo vyake vya kutunza siri. Papa Klementi XII alikikataza mwaka 1738, na Mapapa waliofuata wakarudia katazo hilo. Wako waliodhani kwamba sheria za mwaka 1983, kwa kuwa hazikukitaja chama hicho kwa jina, zimekiruhusu. Sivyo. Tarehe 26 Novemba 1983 Roma ilieleza kwamba hukumu haikubadilika: mafundisho ya Freemason hayapatani na mafundisho ya Kanisa, na mwamini aliyejiandikisha huko yumo katika dhambi kubwa, wala hawezi kupokea Komunyo Takatifu. Neno hilo lilirudiwa tena mwezi Novemba 2023, Askofu mmoja wa Ufilipino alipouliza.

Rotary haina kiapo cha siri. Mikutano yake yajulikana saa na mahali, na wageni huruhusiwa kuja. Ni kweli kwamba, kwa kuwa haiulizi dini, mezani waweza kumkuta Mwislamu, Mhindu, Mprotestanti, asiye na dini, na pengine hata Freemason. Lakini hivyo ndivyo ilivyo sokoni, ofisini na ndani ya basi. Kukaa na mtu meza moja si kuikiri imani yake.

Hapa tuwaambie ukweli mchungu ndugu zetu wapendao kunong'ona. Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba mtu akijenga nyumba nzuri au akifungua duka la pili, wenziwe husema, "Huyo amejiunga na Freemason." Wala hawana ushahidi. Hujitetea kwa methali isemayo lisemwalo lipo. Lakini wahenga walisema pia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aliyeamka saa kumi ya usiku kwa miaka 15, akahesabu shilingi zake, akakataa pombe na mikopo ya ovyo, asiitwe mtumwa wa shetani kwa sababu amefanikiwa. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haikuweka ruhusa kwa maneno yasemwayo kisimani au kijiweni. Aliyemharibia mwenzake jina ana wajibu wa kulitengeneza.

Tena wako matapeli walioufanya uvumi huo kuwa mtaji. Huwapigia watu simu, au huwatumia ujumbe, wakiwaahidi utajiri wa ghafla wakijiunga na Freemason, mradi watume kwanza ada ya fomu kwa simu. Wengi wamepoteza akiba zao hivyo. Basi mtu yeyote akikuambia kwamba Rotary, au chama chochote kile, kitakutajirisha baada ya kutuma fedha kwa mtu usiyemjua, jua umekutana na mwizi.

MTU HUJIUNGAJE?

Mtu huingia Rotary kwa kupendekezwa na mwanachama, naye hupokelewa na klabu ya mahali pake. Zamani kila klabu ilikutana kila juma. Siku hizi sheria yaruhusu mikutano michache zaidi, walau miwili kwa mwezi. Mwaka wao huanza tarehe 1 Julai. Mwanachama hulipa ada: sehemu ya klabu yenyewe, na sehemu ya makao makuu, ambayo kwa miaka ya karibuni imezidi dola 75 za Marekani kwa mwaka. Juu ya hayo kuna michango ya kazi za huduma, na mara nyingi gharama ya chakula cha mkutano.

Mwenye duka wa mfano wetu lazima apige hesabu hiyo na mkewe, si peke yake. Ada ya shule imelipwa? Bima ya afya je? Zaka ya parokia? Na safari: kutoka Nyakahura hadi Mwanza si mwendo wa jioni moja. Asiye na nafasi ya kuhudhuria, akajiunga kwa ajili ya beji tu, amenunua pambo kwa bei ya mkate wa watoto.

Kufungua klabu mpya karibu na nyumbani nako si rahisi, kwa kuwa yatakiwa wanachama waanzilishi wasiopungua 20. Lakini iko njia nyingine isiyojulikana sana. Tangu mwaka 1986, rais wa Rotary alipokuwa Mfilipino aitwaye M. A. T. Caparas, kuna vikundi vya vijijini vinavyolelewa na klabu fulani, ambavyo watu wake si wanachama wa Rotary. Wao huchagua kazi ihitajiwayo kwao, kama vile kisima, zahanati au miti, nayo klabu huwasaidia kwa ujuzi na kwa kutafuta fedha. Kwa kazi kubwa, Mfuko wa Rotary hutoa ruzuku pale klabu ya nchi yenye shida inaposhirikiana na klabu ya nchi nyingine, na kazi hiyo isipungue thamani ya dola 30,000. Kwa hiyo Nyakahura yaweza kunufaika na gurudumu hilo bila mtu wake hata mmoja kuvaa beji.

MIZANI YA MFANYABIASHARA

Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja wa Chicago, Herbert Taylor, alipewa kampuni iliyokuwa karibu kufilisika. Akatunga maswali manne ya kujiuliza kabla ya kusema au kutenda jambo. Mwaka 1943 Rotary iliyafanya maswali hayo kuwa yake. Kwa ufupi yauliza hivi: jambo hili ni la kweli? Ni la haki kwa wote linaowahusu? Litaleta mapatano na urafiki? Litawafaa wote?

Tuyapime kwa mambo ya kwetu. Mnunuzi wa mahindi ajazaye gunia mpaka lifanye kilemba, lile liitwalo lumbesa, kisha alipe bei ya gunia moja, je, ametenda haki? Na yule amwendeaye mkulima wa kahawa mwezi wa njaa, akanunua mibuni ingali na maua kwa bei ya kutupa, biashara ile ijulikanayo Kagera kwa jina la butura, je, imewafaa wote? Au imemfaa mmoja, na kuwaacha watoto wa mwingine bila daftari?

Tazameni, hapo ndipo penye kipimo halisi. Mtu aweza kuvaa beji ya gurudumu, akayakariri maswali manne, kisha akarudi dukani akapunguza kipimo. Vivyo hivyo mtu aweza kuvaa rozari shingoni na kufanya yaleyale. Chama hakimwokoi mwanachama wake mwenye mizani ya uongo. Wala Mkristu wa namna hiyo hatasalimika kwa kuwa cheti chake cha ubatizo ki safi. Maswali manne ni mazuri. Lakini Mkristu anayo sheria iliyo kubwa zaidi, ya kumpenda jirani kama nafsi yake kwa ajili ya Mungu, hata pale ambapo mapendo hayo hayamfai yeye mwenyewe kwa lolote.

HATARI TATU

Kwa hiyo twasema kwamba mlei aweza kujiunga. Lakini ajihadhari na hatari tatu.

Ya kwanza ni ile hofu ya zamani: kufikiri kwamba utumishi waweza kuchukua mahali pa imani. Kama mkutano wa klabu wampata daima na Misa ya Dominika haimpati, mtu huyo amebadilisha altare. Chama kiwe tawi. Imani ndiyo shina.

Ya pili ni kutafuta sifa. Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendayo mkono wa kuume. Kisima chenye jina la mfadhili kwa herufi kubwa hutoa maji, hilo hatukatai. Lakini mtoaji ajichunguze: je, ningetoa kama jina langu lisingeandikwa?

Ya tatu ni kuwasahau walio karibu. Ni aibu mtu akichangia kisima cha mbali, hali mjakazi wake hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Ni aibu pia akiwa mwanachama mwema mjini na mgeni katika jumuiya yake mwenyewe.

ASIYEALIKWA AFANYE NINI?

Wengi wetu hatutaalikwa kamwe na Rotary, wala ada yake hatuiwezi. Je, tumeachwa nje ya utumishi? Hasha.

Watu wa Ngara wasiwasahau wazee wao wa mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa karibu siku moja tu. Kabla mashirika makubwa hayajapanga mahema, aliyekuwapo ni mwenyeji mwenye jembe lake na chungu chake. Na mwezi Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika Wilaya ya Biharamulo, watu 10 walihesabiwa kuwa wamekufa kwao, kwa hakika au kwa kudhaniwa, kabla haujatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Siku zile ndoo ya maji na sabuni mlangoni ilikuwa utumishi; kumwambia jirani ukweli badala ya uvumi ulikuwa utumishi mkubwa zaidi.

Kanisa nalo halikuwaacha waamini wake bila vyama. Mwaka 1833 kijana Frédéric Ozanam na wenzake walianza Paris ile kazi ya kuwatembelea maskini majumbani mwao, iliyozaa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Hapa kwetu tuna WAWATA tangu mwaka 1972, na tuna jumuiya ndogo ndogo katika kila mtaa. Humo hakuna ada ya dola. Lakini, tukiri wenyewe, mara ngapi jumuiya zetu huishia katika sala na michango, na mgonjwa wa nyumba ya nne asitembelewe na mtu? Kama watu wa gurudumu, wasiofungwa na imani moja, waweza kukutana na kuulizana, "Mwezi huu tumemsaidia nani?", sisi tuliolishwa Mwili wa Bwana twaona haya kuulizana neno hilo? Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole kumi vilivyokunjwa navyo havivunji.

Sasa tumrudie mwenye duka wetu. Amkalishe mkewe, amsomee habari hizi. Waende wote wawili kwa paroko. Wapige hesabu. Kama njia i wazi na nafasi ipo, aende na aingie akiwa Mkatoliki mzima, asiyejificha, tayari kusema nani aliyemfundisha kumpenda jirani. Kama njia haiko wazi, amshukuru rafiki yake kwa adabu, na ile fedha ya ada aitumie kwa mwanafunzi mmoja wa senta yake aliyekosa sare. Katika njia zote mbili, ahakikishe kwamba gunia lake halina kilemba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika mwaka huu, ni nani nje ya jamaa yetu aliyepata msaada kwa mikono yetu?

2. Je, tumewahi kurudia uvumi juu ya mali ya mtu bila ushahidi? Tutaurekebishaje?

3. Katika biashara, shamba au kazi yetu, ni kipimo gani tusichotaka mtoto wetu akione?

4. Baba au mama akialikwa katika chama chochote, tutauliza mambo gani kabla ya kukubali, na tutamwuliza nani?